Kapitolina na Okidi Isiyo na Mizizi

Katika jengo lile la ghorofa tano nyuma ya kiwanda cha zamani cha nguo, mjini Kineshma, watu walimjua Kapitolina Yegorovna kwa wema wake, na walijihadhari nao. Ukipiga chafya ngazini, kabla hujafika mlangoni kwako alikuwa ameshakuja na jagi la chai ya majani, na hakuondoka mpaka ulimalize. Ukiwa na shida alikusikiliza hadi ukajuta kuitaja. Lakini mmea hukumwachia. Hilo hata wapangaji wapya walielezwa siku ya kwanza, pamoja na mahali pa kutupa taka.

Mimea ilimfia. Si kwamba aliisahau, la hasha. Alikuwa amefanya kazi karibu umri wake wote katika hamamu ya mji, akichochea moto, akigawa mataulo na vifagio vya majani ambavyo watu hujichapia mgongo wakiwa ndani ya mvuke, na huko alikuwa amesadiki kwamba hakuna ugonjwa duniani usiosikia maji ya moto. Mgongo, kifua, uchungu wa kuachwa: dawa ni maji. Hamamu ilipofungwa na kugeuzwa duka la mazulia, alirudi nyumbani na imani yake yote, wala hakuwa na wa kumchemshia. Mumewe, Vadim, alikuwa ameondoka zamani kwenda kaskazini kwenye visima vya gesi kwa msimu mmoja tu, akaonja chakula cha mwanamke wa kantini, na msimu ukawa haujaisha mpaka leo. Basi maji yote yale yakaishia kwenye vyungu vya maua.

Sasa, juu yake, ghorofa ya tatu, aliishi Rimma Ignatyevna. Huyu zamani alikuwa mkaguzi wa vitambaa kiwandani, na hata baada ya kustaafu akikutazama unajua ameshaona uzi uliolegea. Wawili hawa walikuwa majirani tangu ujana, wakigombana na kupatana jinsi watu wengine wanavyokunywa chai, asubuhi na jioni. Kwa hiyo siku Rimma alipobisha hodi akiwa amekumbatia okidi nyeupe yenye midomo ya zambarau, Kapitolina alidhani amekuja kujionyesha.

"Kapa, shoga yangu," Rimma alianza, na neno hilo pekee lilitosha kumshtua mtu. "Una nafasi dirishani?"

"Nafasi ya nini?"

"Nakwenda kule kwenye nyumba ya mapumziko, nikatibiwe magoti kwa tope. Hii sina wa kumwachia. Nililetewa na mke wa mwanangu Gleb Siku ya Wanawake."

Kapitolina akarudi nyuma hatua moja. "Mimi? Rimma, we wanijua mimi na mimea."

"Nakujua sana. Ndiyo maana nimekuja kwako. Una moyo mwema."

"Na ikifa?"

"Ikifa ni siku yake imefika," Rimma alisema kwa upole. "Sitakulaumu hata kidogo. We imwagilie tu, usiogope. Inapenda maji."

Akaiweka mezani, akasugua mikono kama mtu aliyetua gunia, akapanda ngazi kwake haraka kuliko magoti yake yalivyostahili. Kapitolina alibaki akiitazama okidi huku machozi yakimlenga. Miaka yote hii ya kutukanwa, kumbe mwenzake anamwamini.

Mtu aliyeaminiwa hafanyi kazi nusu nusu. Aliitoa okidi kwenye kile kikopo chake cha plastiki chenye matundu, ambacho aliona ni cha kimaskini, akaitia ndani ya chombo kizuri cha bati lililopakwa maua, kisicho na tundu hata moja. Akaikanda majani kwa kitambaa cha moto. Akaimiminia maji ya uvuguvugu mpaka ukingoni, na masalio ya chai juu yake, kisha akaiweka dirishani juu ya mabomba ya kupashia nyumba joto, miguu ipate moto. Kila asubuhi alirudia. Okidi ilistahimili, jinsi wageni wa hamamu walivyokuwa wakistahimili mbele yake kwa kuona haya kukataa.

Halafu maua yakaanza kudondoka. Moja aliliokota sakafuni asubuhi, jingine likaangukia kwenye supu. Majani yakalegea yakaning'inia kama masikio ya mbwa mzee. "Ana kiu, maskini," Kapitolina akasema, akaongeza maji.

Siku aliposhika shina ili ageuze upande mwingine upate jua, okidi nzima ilimfuata mkononi bila kung'ang'ania kitu. Chini yake hapakuwa na mizizi. Palikuwa na vitu vya kahawia kama tambi zilizochemshwa zikasahaulika, na alipovigusa maganda yalibanduka zikabaki nyuzi tupu. Harufu yake ilikuwa ya stoo ya viazi mwisho wa masika. Kapitolina akaketi kwenye kiti, ua mkononi, akashika tama.

Wazo la kwanza lilikuwa la kila mtu mwenye hatia: anunue nyingine kama ile. Alikwenda sokoni. Zilikuwapo za njano, za waridi, na moja ya buluu ambayo muuzaji mwenyewe alikiri imetiwa wino. Nyeupe yenye midomo ya zambarau haikuwapo. Akarudi nyumbani, akalitazama lile karatasi lililobandikwa kwenye friji, ambalo Rimma alikuwa amemwandikia nambari ya nyumbani kwa mwanawe siku bomba lake lilipopasuka na kumfurikia Kapitolina huku chini. Akapiga.

"Nakusikiliza, unatoka wapi unakwenda wapi?" sauti ya mwanamke ikasema upesi bila kuvuta pumzi.

Ilikuwa ni Snezhana, mke wa Gleb. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za watu wanaoita teksi, na hata akiwa kwake ulimi ulibaki kazini.

"Sitoki popote, mwanangu. Mimi jirani wa mama mkwe wako, wa chini. Nimeua."

"Umeua nani?"

"Nimeua ua."

"Ua gani?"

"Ua lako! Ile okidi. Nimeilowesha mpaka mizizi imetoka kama tambi. Na yeye anarudi wiki ijayo, atanila mbichi."

"Usiitupe," sauti ikasema. "Usiguse kitu. Nakuja."

Jioni ile Snezhana alifika, mwanamke mfupi mwenye buti nyekundu ambazo alizivulia mlangoni, akapewa ndara za Vadim ambazo zilikuwa zikimsubiri Vadim miaka yote ile. Akaigeuza okidi mikononi jinsi daktari anavyogeuza mguu wa mtoto.

"Mizizi yote imekwisha," akasema. "Lakini tazama, shina gumu. Moyo mzima."

"Atapona?"

"Akipona, si kesho wala kesho kutwa, shangazi Kapa. Una vidonge vya mkaa? Vile vya tumbo?"

Kapitolina alikuwa navyo vya kutosha hamamu nzima. Snezhana akapitisha mkasi wa kucha kwenye moto wa jiko, akakata kila kilichooza, akaendelea kukata mpaka kikabaki kisiki kisafi chenye majani manne yaliyonyong'onyea. Akasaga vidonge akakipaka pale penye majeraha, kikawa cheusi kama meno ya mvutaji. Kisha akakilaza juu ya gazeti.

"Sasa hivi hivi mpaka kesho. Kikauke."

"Bila maji?"

"Bila maji."

"Hata tone?"

"Hata tone."

"Hata ya uvuguvugu?"

"Shangazi Kapa!"

Kesho yake alirudi na boksi la keki la plastiki angavu lenye mfuniko, na ndani yake ametandika yale majani laini ya kinamasini yanayonyonya maji kama sifongo. Akakiegesha kile kisiki juu ya vijiti viwili ili kisiguse umajimaji. "Ayanuse tu maji," akaeleza. "Asiyaguse. Akiyasikia yako karibu lakini hayafikii, atatoa mizizi kuyatafuta."

Kapitolina akaduwaa. "Kumbe hamamu."

"Ehe, hamamu. Lakini ya mteja anayekaa juu kwenye mvuke, asiyeshuka kwenye bwawa."

Jambo hilo lilimwingia Kapitolina kuliko maelezo yote. Wateja wa namna ile alikuwa akiwajua. Walikuwa wachache, wenye kiburi, na waliishi sana.

Wakanywa chai. Snezhana akawa anachezea kijiko. "Anaipenda sana, eh? Rimma Ignatyevna?"

"Mno! Alikuja ameikumbatia hivi. Akasema anamwachia mtu mwenye moyo mwema tu."

"Sikujua," Snezhana akasema polepole, na kwa mtu wa namna yake polepole ilikuwa kama kunyamaza. "Mimi kila nikimpelekea kitu nakuja kukikuta kwenye stoo. Shali, kishaufu. Nilidhani na hii ameshaitupa. Sasa sitaki ajue imeharibika. Tutaiponya kwanza."

Wakala kiapo. Hivyo ndivyo wanawake wawili walivyoanza kuficha kwa nguvu zao zote kifo ambacho mwenye mali alikuwa akikisubiri kwa hamu. Maana ukweli, ambao hawakuujua, ni kwamba Rimma alikuwa amefanya kila njia okidi ile ife kwa heshima. Alikuwa ameinyima maji, ikachanua zaidi. Alikuwa ameiweka kwenye upepo wa dirisha bovu, ikaongeza tawi. Kuitupa kwa mkono wake hakuthubutu, kwa kuwa Gleb kila Jumapili alikuwa akiiulizia kama vile ni mjukuu. Ndipo akamkumbuka jirani yake.

Lakini dirisha la Kapitolina lilitazama uwanjani, mahali Rimma alipopita kila siku kwenda dukani. Boksi la keki lingemwonyesha kila kitu. Kapitolina akapanda basi hadi lango la makaburi, ambako wanauza maua ya plastiki ya kuwekea wafu, na akabahatika: nyeupe, midomo ya zambarau, mbichi kama uongo. Akaisimamisha dirishani ndani ya chombo chake cha bati. Mgonjwa mwenyewe akalazwa upande wa jikoni, juu ya kabati, penye mwanga usiounguza.

Rimma akarudi na magoti yake. Hakungoja hata kufungua sanduku.

"Vipi," akasema mlangoni, akichungulia juu ya bega la mwenzake. "Bado... ipo?"

"Ipo! Imestawi mpaka naona haya."

Uso wa Rimma ukashuka. Kapitolina akauona, akafikiri: anaikumbuka, masikini.

"Unaimwagilia kweli?"

"Kila siku."

"Zidisha."

"Nikurudishie, Rimma? Maana kama unaitamani..."

"Wee! Magoti yangu bado hayajakubali kuinama. Kaa nayo kwanza. Kaa nayo tu."

Kiangazi kikapita. Kila Rimma alipovuka uwanja aliinua macho, na kila alipoinua macho ua lilikuwa limechanua vilevile, halijapungua jani. Alianza kupita upande wa pili. Alimuuliza muuza mboga kama kuna maua yasiyokufa, muuza mboga akamjibu yapo, kwake mwenyewe yalikufa yote isipokuwa yale aliyoyachukia.

Jikoni nako hali ilikuwa nyingine. Jani la kwanza liligeuka njano. Kapitolina alitaka kulikata, Snezhana akamkataza: "Mwache alile. Anajilisha kwa jani hilo." Likaliwa kweli, likanyauka mpaka likawa karatasi. Jani la pili likafuata. Yakabaki mawili, nayo yamekunjamana kama mikono yake Kapitolina baada ya zamu ya usiku hamamuni. Kila siku alifunua boksi dakika chache lipate hewa, akafuta matone kwenye mfuniko, akafunika. Zaidi ya hapo hakuruhusiwa. Mwanamke aliyezoea kumchapa mtu mzima mgongo mpaka awe mwekundu sasa alikuwa akikaa mikono mapajani, akitazama kitu kisichofanya chochote. Alikonda. Aliwapelekea majirani chai maradufu.

Snezhana alikuwa akija mara moja kwa wiki baada ya zamu, kisha mara mbili, kisha bila kisingizio. Alisimulia habari za wateja wa teksi: bwana anayeita gari kila Ijumaa kwenda kwa mkewe wa zamani na kulirudisha njiani, bibi anayepiga simu ili tu aulizwe anatoka wapi. Kapitolina alicheka mpaka akashika meza. Hapakuwa na mtu aliyekuwa amevaa ndara zile muda mrefu hivyo.

Kisha siku moja ya vuli, pale shina linapoachana na jani, kukaonekana kipele cha kijani. Snezhana akakisogelea mpaka pua ikagusa plastiki.

"Mzizi," akanong'ona. Halafu akapiga ukelele uliopanda kwenye mabomba ya joto, ambayo katika jengo lile hupeleka sauti kuliko simu, ukafika ghorofa ya tatu.

Rimma alikuwa akikatakata kabichi. Theluji ya kwanza ilikuwa imeanguka asubuhi ile, na alipokuwa akitoka dukani alikuwa ameona kwamba kidirisha cha juu kwa Kapitolina kimeachwa wazi, baridi inaingia moja kwa moja, na ua liko pale pale limechanua. Jambo hilo lilikuwa limemharibia siku. Sasa huu ukelele. Akaweka kisu, akashuka.

Mlango haukuwa umefungwa. Nyuma yake palikuwa na buti nyekundu. Rimma akazitambua. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akamkuta mkewe Gleb amevaa ndara za Vadim, kichwa ndani ya boksi la keki, na Kapitolina pembeni anajifuta macho.

"Mnanisengenya," akasema.

"Rimma Ignatyevna!" Snezhana akasimama. "Njoo uone! Limetoa mzizi!"

"Nini kimetoa mzizi?"

"Okidi yako."

Rimma akatazama majani mawili yaliyokunjamana juu ya vijiti. Kisha akageuka, akatembea hadi chumbani, akashika ua la dirishani kwa vidole viwili, jinsi alivyokuwa akishika kitambaa kiwandani.

"Hili ni nailoni," akasema.

"Plastiki," Kapitolina akasahihisha kwa sauti ndogo. "Nilitaka usihuzunike."

"Yaani miezi yote hii nimelichukia ua la plastiki?"

Lilikuwa limemtoka. Akafunga mdomo, lakini maneno yalikuwa yameshafika jikoni.

"Umelichukia?" Snezhana akauliza.

Mtu aliyeshikwa hana budi kushambulia, na Rimma akamgeukia aliye karibu. "We Kapa, nilikuletea wewe kwa sababu hakuna kitu kilichowahi kutoka hai kwenye dirisha lako! Mtaa mzima wajua mkono wako! Kazi moja tu nimekupa, ambayo unaifanya bila hata kujaribu, ukashindwa!"

Kapitolina akaketi kwenye kile kiti chake. Katika maisha yake alikuwa ameachwa na mume, amefungiwa hamamu, na yote aliyabeba. Lakini kumbe ule moyo mwema aliosifiwa mlangoni ulikuwa wa mchinjaji aliyeajiriwa.

Snezhana ndiye aliyesema, tena kwa utulivu wa ajabu. "Kama hukulipenda si ungeniambia tu."

"Nikuambie? Gleb angesema mama ana roho mbaya."

"Ulitaka nini basi?"

Rimma akatazama ukuta. "Sufuria," akasema mwishowe. "Ya supu. Yangu mpini umelegea."

"Sufuria," Snezhana akarudia, kwa sauti ile ya kazini, kana kwamba anaandika anwani. Akavaa buti zake, akaaga mmoja tu kati ya wawili, akatoka.

Asubuhi yake Kapitolina alilichukua boksi la keki akatoka nalo kwenda kulitupa. Alikuwa ameamua. Kulikuwa na haja gani ya kumponya mtu ambaye kwao hawamtaki? Lakini kwenye ngazi akakutana na Rimma anashuka na ndoo yake ya taka, na Rimma akaliona boksi, na usoni mwake kukapita kitu kama jua.

"Unaitupa?"

"Nani kakwambia?" Kapitolina akajibu. "Nampeleka kupunga hewa."

Akalifungia boksi ndani ya koti lake la manyoya, akazunguka uwanja mzima kwenye baridi ya kukata masikio, huku Rimma amesimama na ndoo akimtazama. Aliporudi juu, pua haina hisia, aliapa kwamba okidi ile itaishi hata kama yeye mwenyewe itabidi afe kwanza. Na toka siku hiyo hakuiongezea tone la ziada. Alipokuwa akiipenda alikuwa akiirukia kila saa. Sasa alipokuwa na kisasi cha kulipa alikuwa mwangalifu kama mhunzi wa dhahabu. Okidi haikujua tofauti. Mzizi ukarefuka, wa pili ukatokea.

Majira ya baridi yale Kapitolina na Rimma hawakusalimiana. Jumapili Gleb na mkewe walikuja kama kawaida, ila ngazini waligawana: yeye ghorofa ya tatu, mkewe ghorofa ya pili. Gleb, mtu mnene na mpole asiyependa kuulizwa yuko upande gani, alikula kwa mama yake, kisha akashuka akala tena chini, na alipoulizwa huku au kule kulikuwa na habari gani alisema supu ilikuwa nzuri. Vicheko vilipanda kwenye mabomba. Rimma aligonga mabomba kwa upawa. Vicheko vikanyamaza, kisha vikarudi vikubwa zaidi.

Mwaka Mpya ulipofika, Gleb alipanda ngazi na kifurushi kikubwa. Ndani yake mlikuwa na sufuria. Rimma aliigeuza, akaikagua mpini, mshono, kitako, akatafuta kasoro kama vile analipwa, akaikosa. Hakuna aliyeambatanisha neno. Alikaa nayo siku kadhaa bila kuitumia. Halafu akapika ndani yake supu ya kabichi, na kwa kuwa sufuria ilikuwa ya familia na yeye alikuwa peke yake, supu ikawa ya kulisha zamu nzima ya kiwanda.

Jumapili iliyofuata mlango wa ghorofa ya pili uligongwa kwa mguu.

"Supu imezidi," Rimma alisema, mikono yake yote imeshika sufuria. "Aliyenunua chombo hiki hana kipimo. Fungueni njia, kinaniunguza."

Kapitolina akatazamana na Snezhana. Snezhana akasogeza sahani. Gleb, aliyekuwa ameshuka punde tu ameshiba, akashika kijiko kwa moyo wa mtu anayelitumikia taifa.

Wakala. Supu ilikuwa na chumvi nyingi na hakuna aliyethubutu kusema. Rimma macho yake yalikuwa juu ya kabati.

"Huyo ndiye?"

"Ndiye," Kapitolina akasema.

"Mbona kakonda hivyo? Hamumpi kitu?" Akainuka, akachukua kikombe cha maji mezani.

"Usimpe maji!" wote watatu wakapiga kelele, na Gleb mdomo umejaa.

Rimma akarudisha kikombe. "Basi," akasema kwa kuudhika, "niambieni anavyolelewa. Mali ni yangu, nina haki ya kujua."

Snezhana akamweleza, upesi upesi, na Rimma akamkatiza kila sentensi, na hakuna aliyeomba msamaha. Kapitolina alisubiri msamaha huo muda mrefu kidogo. Alichopata ni kwamba Rimma alianza kushuka kila Jumapili, kisha Jumatano pia, akikagua ile mizizi kwa miwani miwili, na siku moja, akiwa anatoka, akasema huku amempa mgongo: "Mkono wako umekuwa mwepesi, Kapa." Kapitolina akaona afadhali achukue hilo, kwani aliyelisema hana jingine.

Masika yalipofika mgonjwa alitolewa boksini akapandwa kwenye maganda ya mti ndani ya kikopo cha plastiki chenye matundu. Habari zikaenea, na majirani waliokuwa wakificha mimea yao sasa wakaanza kumletea maiti: okidi zilizoganda, zilizoungua, moja iliyoliwa na paka. Nyingi zilikufa. Yeye alitangaza kwamba zilikuwa zimeshakufa zikiletwa, na watu wakaridhika. Snezhana aliendelea kumwita mama mkwe wake Rimma Ignatyevna, na Rimma aliendelea kulalamika kwamba mtoto yule hamwiti mama, ingawa hakuwa ameruhusu.

Baridi ya pili ndipo tawi lilipotokea, jembamba, lenye vitumba vitatu. Viwili vikadondoka. Rimma alisema lazima kuna mtu amelitazama vibaya, na hakumtaja.

Kile kimoja kilifunguka asubuhi ya siku ya kazi, theluji inaanguka nje. Kapitolina aliingia jikoni kuweka birika akalikuta: ua moja, dogo kuliko la zamani, weupe wake umepauka kidogo, midomo ya zambarau. Akaenda kwenye simu, akanyanyua mkono wa simu. Akaurudisha. Akamimina chai, akatia kijiko cha jemu, akavuta kiti mpaka karibu na kabati. Juu, Rimma alikuwa akitembeatembea, sakafu inalia. Akainywa chai yote taratibu, akamimina ya pili, ndipo akampigia Snezhana.